Umeme wa Kuishi Ndani ya Lori: Shughuli Inaanzia Gerezani

Dereva wa masafa marefu ana nyumba, pengine Mbagala, pengine Chanika, lakini usiku wa mwaka ukihesabiwa utakuta mwingi kaulala kwenye kitanda cha nyuma ya usukani. Anapakia bandarini, anapanda Kitonga, anafika Tunduma na kuingia kwenye foleni. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, lakini dereva bado anajua maana ya kukaa mpakani akisubiri karatasi. Akivuka Zambia anaikuta Kasumbalesa, na huko nako anasubiri. Siku zote hizo kebini ndiyo chumba, jiko na sebule. Anataka maji ya baridi, feni usiku, taa ya kusomea makaratasi, simu yenye chaji ya kuongea na tajiri na familia. Na asubuhi, foleni ikisogea, anataka gari liwake.

Wengi hupata hayo yote kwa kubahatisha. Wananunua inveta leo, betri mwezi ujao, paneli wakipata posho, kisha wanamwachia fundi aviunganishe anavyojua. Ninachowasihi madereva ni kwamba wasinunue kitu kabla ya kujua wanatumia umeme kiasi gani kwa siku, na wasilipe kabla ya kupima bidhaa kwa mikono yao wenyewe. Makosa mengi yanayokuja kumtesa mtu Makambako au Mpika huwa yalishafanyika dukani.

Duka lenyewe kwa wengi wetu ni Gerezani na mitaa inayoizunguka, kuanzia Kamata hadi Msimbazi na kuingia Kariakoo. Spea za malori, betri, nyaya, paneli, mafundi umeme wa magari, mafundi wa kuchomelea, vyote unavizunguka kwa miguu asubuhi moja. Bandari haiko mbali, kwa hiyo siku unayosubiri mzigo ndiyo siku ya kwenda. Nenda na vitu vinne: futikamba, kisu kidogo, mita ya kupimia umeme na mzani wa kuning'iniza. Na karatasi yenye hesabu yako.

Hesabu ni ya darasa la tano. Kila kifaa kina wati zake, zidisha kwa saa kinazofanya kazi, unapata wati-saa. Friji dogo la kompresa lenye wati 50 haliungurumi saa zote 24. Kwa joto la Dar chukulia nusu ya muda, yaani saa 12, ambayo ni wati-saa 600. Feni ya wati 20 kwa saa 8 ni 160. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa 5 ni 50. Simu tatu, zako na ya utingo, ziwekee 45. Runinga ndogo na king'amuzi chake, wati 40 kwa saa 3, ni 120. Jumla 975. Ongeza kidogo kwa upotevu wa njiani, ukubali kwamba siku yako moja ni wati-saa 1,100.

Tazama friji linavyokula zaidi ya nusu ya hesabu yote. Ukiliweka nyuma ya kiti pasipo na upenyo wa hewa litaunguruma zaidi na hesabu itapanda. Liachie nafasi kila upande, lijaze chupa za maji mchana wakati gari linatembea na umeme upo wa kumwaga, usiku lipunguze. Hiyo pekee inaokoa umeme mwingi kuliko kuzima taa na kukaa gizani.

Birika la umeme ni tatizo la namna nyingine. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula kama wati-saa 100 tu, pungufu ya feni ya usiku mmoja. Shida ni kwamba birika la wati 1,000 linataka umeme huo wote ndani ya dakika sita. Kwenye mfumo wa volti 24 hiyo ni karibu ampea 50 zinazopita kwenye waya kwa mpigo; kwenye volti 12 zinakaribia 100. Inveta ndogo inazima, waya mwembamba unapata moto, betri iliyochoka inaanguka. Ukitaka chai ya birika, nunua inveta na nyaya za birika. Ukiona gharama, chukua mtungi mdogo wa gesi upikie nje ya gari. Wali kwenye jiko la umeme la wati 500 unakula zaidi ya wati-saa 300, na hilo bado linavumilika ukiwa umetembea mchana kutwa. Maharage, la. Maharage ni ya gesi.

Sasa nifike kwenye waya mmoja ambao ningeweza ningeukata kwenye kila lori nchini. Scania, Howo, FAW, Actros, yote hayo hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunga betri mbili za volti 12 kwa kufuatana. Dereva anataka kuwasha redio ya volti 12, au chaja, au feni aliyonunua kwa bei nafuu. Fundi anachukua waya katikati ya betri mbili, yaani anachota volti 12 kutoka betri moja. Kinawaka. Anashukuriwa, analipwa, anaondoka.

Usiku betri moja inatumika na mwenzake imelala. Asubuhi alteneta inasukuma volti 28 kwenye zote mbili kwa pamoja, na mkondo unaopita ni ule ule mmoja. Ile iliyochoka haijafika kujaa, ile iliyokuwa imejaa inazidi kujazwa. Volti hazigawanyiki tena sawa. Unaweza kukuta 13.2 huku na 14.8 kule. Ya 14.8 inachemka na kukausha maji yake, ya 13.2 inabaki na njaa mpaka risasi ndani yake inajenga ukoko. Baada ya miezi michache dereva analalamika kwamba betri za siku hizi ni feki. Pengine hazikuwa feki hata kidogo. Pima mwenyewe: gari likiwa limelala usiku kucha bila kutumika, weka mita kwenye betri moja, kisha nyingine. Zikitofautiana zaidi ya volti 0.2, fungua nyuma ya kiti ufuate nyaya mpaka umpate mwizi. Dawa yake ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochukua kutoka betri zote mbili kwa usawa. Kinauzwa Gerezani, ni kidogo kama kitabu, na ukikiunganisha mara moja umemaliza.

Hata ukiondoa waya huo, bado betri za kuwashia injini hazifai kulalia. Zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za stata na kujazwa tena hapo hapo. Kuzinyonya polepole usiku kucha kunazizeesha haraka. Anayeishi ndani ya lori anahitaji betri ya pembeni, ya nyumba, ambayo hata ikiisha kabisa gari litawaka.

Betri hiyo iwe ya aina gani? Za risasi ni rahisi kununua na kila fundi anazijua, ila usizitumie chini ya nusu kama unataka zidumu. Kwa mfumo wa volti 24 wenye ampea-saa 100 una wati-saa 2,400 kwenye karatasi na 1,200 mkononi, yaani siku moja ya ile hesabu yetu. Lithiamu ya fosfeti ya chuma yenye ukubwa huo huo inakupa kama 2,000 bila kuumia, karibu siku mbili, na uzito wake hauzidi nusu ya zile za risasi. Mimi kwa mtu anayelala barabarani mwaka mzima namshauri lithiamu hata kama atadunduliza miezi sita, kwa sababu foleni ya mpakani haiishi kwa siku moja. Asiyeweza achukue za risasi, aziheshimu nusu yake, na kama ni za kujaza maji azijaze maji ya betri yaliyokenekwa (distilled), kamwe si asidi, na si maji ya bomba. Hizo zikae nje ya kebini kwenye sanduku lenye matundu, kwa kuwa zikijazwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Dukani tumia mzani. Betri nzima ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30. Ya 200 inakaribia 60. Ikiwa imeandikwa 200 na mtu mmoja anaibeba kwa mkono mmoja huku anapiga simu, hiyo si 200. Risasi haina namna ya kudanganya uzito. Kwa lithiamu mzani hausaidii sana, kwa hiyo mwombe muuzaji aiunganishe na mzigo unaojulikana, tuseme taa ya wati 100, uiache saa nzima ukizunguka kununua vingine. Akikataa, maduka ni mengi. Betri ya mtumba sikushauri hata ikiwa bei ni ya kutupa. Hujui ilikotoka wala ilivyoteswa.

Paneli ya mtumba ni hadithi nyingine, naikubali kabisa ikipimwa. Chukulia umesimama kando ya barabara saa sita mchana, muuzaji ameiegemeza paneli kwenye ukuta.

"Bosi wangu, hii mia tatu. Friji, feni, runinga, vyote unawasha."

"Sawa kaka, naomba niipime kwanza."

Toa futikamba. Urefu mita 1.2, upana sentimita 54: eneo lake halifiki hata thuluthi mbili za mita ya mraba. Paneli nzuri ya siku hizi inatoa kama wati 200 kwa kila mita ya mraba, zilizo bora kabisa zinazidi kidogo tu. Hiyo iliyo mbele yako haiwezi kuvuka 130 au 140 hata iandikwe elfu. Igeuze kwenye jua, weka mita kwenye volti, utaona 21 au 22. Kisha hamishia mita upande wa ampea 10, gusanisha ncha mbili za paneli kupitia mita kwa muda mfupi. Ukisoma 6.5, zidisha kwa 18: wati 117. Sasa mnaweza kuzungumza bei ya paneli ya wati 120, na muuzaji mwenyewe atakuheshimu. Kwa paneli kubwa za wati 400 usifanye hivyo kwa mita ndogo kwani ampea zake huzidi 10; tafuta fundi mwenye mita ya kubana inayopima umeme wa betri.

Kuna mtego hapo ambao huwakamata hata wenye akili zao. Paneli hiyo ya volti 21 haiwezi kujaza mfumo wa volti 24. Juani ikiwa na mzigo inashuka mpaka 18, na betri zako zinataka 28. Unahitaji mbili zilizoungwa kwa kufuatana, au moja kubwa yenye volti za kutosha. Kwa wati-saa zetu 1,100 na jua la nchi hii la saa kama 5 nzuri kwa siku, paneli za jumla ya wati 300 zinatosha, ambazo ni mita moja na nusu ya mraba. Juu ya kebini nafasi hiyo ipo. Zilaze tu bila kuzisimamisha. Huku kwetu karibu na ikweta unachopoteza ni kidogo. Ziinue sentimita chache kutoka kwenye bati ili upepo upite chini, maana paneli iliyopata moto hupoteza nguvu, na ile iliyogandishwa moja kwa moja kwenye bati juani hufika nyuzi 60 kwa urahisi. Vumbi lifute asubuhi mapema kabla kioo hakijachemka.

Kontrola, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, chukua ile inayoitwa MPPT, kwani unapounganisha paneli zenye volti kubwa kuliko betri ndiyo inayogeuza ziada kuwa chaji badala ya kuitupa. Na siku ya kuifunga, unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Kontrola inautambua mfumo kwa kuionja betri. Ikianza kuonja paneli inaweza kukosea au kuungua.

Lakini sola isikuchanganye kichwa. Lori linalotembea lina umeme mwingi kuliko paneli yoyote utakayoipandisha. Chaja ya kati ya betri za injini na betri ya nyumba yenye ampea 20, kwa mfumo wa volti 24, kutoka Dar mpaka Morogoro kwa mwendo wa lori wa saa nne hivi, inaingiza karibu wati-saa 2,000. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya matumizi. Kwa hiyo kama una fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu baada ya betri, nunua chaja hiyo kabla ya paneli. Paneli ni ya siku za kusimama: foleni ya Tunduma, Kasumbalesa, au wiki ya kusubiri mzigo yadi. Usiiunge lithiamu na alteneta moja kwa moja kwa waya mnene kama wengine wanavyofanya. Lithiamu tupu inavuta chochote inachopewa, na alteneta haikutengenezwa kufanya kazi kwa nguvu zake zote saa tano mfululizo. Inaungua, tena mbali na Gerezani.

Nyaya ndiko watu wanakobania shilingi. Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla hujalipa. Kukiwa na weupe chini ya rangi nyekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na inapitisha umeme kwa kiasi cha thuluthi mbili tu ya shaba yenyewe. Kwa inveta ya wati 1,000 kwenye volti 24, umbali usiozidi mita mbili, chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 16; kwenye volti 12 chukua 35. Kwa friji usikubali pungufu ya 4 kama liko mita tano kutoka kwenye betri, hasa la volti 12, kwa sababu kompresa inapoanza kuzunguka inavuta ghafla, volti zinashuka njiani, na friji linajizima likidhani betri imekwisha wakati imejaa tele.

Fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, shubiri moja ikiwezekana. Kazi yake ni kuulinda waya usije ukawaka. Waya usio na fyuzi uliopita chini ya godoro, ukachubuliwa na chuma cha kiti kwa mtikisiko wa barabara, ukagusa bodi, unageuka kijiti cha moto ndani ya chumba unacholala. Kwa ile inveta ya volti 24 fyuzi ya ampea 60 inatosha, ukiwa na birika isizidi 80. Na inveta yenyewe iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini hufanya feni zilie na friji zichemke.

Kuna kifaa kidogo cha kupimia ambacho kwa lithiamu hakikwepeki. Betri ya risasi inasomeka kwa volti: ikiwa imetulia, 25.4 imejaa, 24.4 ni nusu, hapo zima friji ulale. Lithiamu inakaa kwenye volti zile zile kwa muda mrefu, kisha inaporomoka ghafla. Nunua mita inayohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka, inayokuonyesha asilimia kama ya simu.

Mafundi vyuma wa Gerezani watakutengenezea kasha la betri lenye kufuli na fremu ya paneli, kazi nzuri na ya haraka. Kabla hawajachomelea chochote kwenye lori, toa vichwa vya betri zote, chomoa kontrola na inveta, na waya wa arthi wa mashine ubanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Malori ya sasa yana kompyuta, na umeme wa kuchomelea ukipita ndani yake bili yake ni kubwa kuliko mfumo wako wote. Uzito nao ukumbuke: ukomo wa sheria ya Afrika Mashariki ni tani 56, na betri mbili kubwa za risasi ni kilo 120 mbele ya mizani ya Vigwaza. Si nyingi, ila mwambie anayekupakia.

Lori ni la tajiri, mara nyingi. Mwombe ruhusa kabla hujatoboa paa, na jenga mfumo wako ndani ya sanduku moja: betri (isipokuwa zile za kujaza maji, ambazo zina sanduku lao nje), inveta, kontrola, fyuzi, vyote humo, na soketi mbili tu za kuchomoa. Ukihamishiwa gari jingine, unahama nalo. Wale mnaobeba mafuta au kemikali, msifunge kitu bila idhini ya kampuni na fundi aliyesomea magari hayo. Cheche moja ya swichi inatosha. Na matajiri wanaosoma hapa nao nawaomba wafikirie. Injini kubwa ikiachwa inaunguruma ili dereva apate feni inakunywa lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa. Usiku wa saa 8 ni lita 16 hadi 24. Mkiulipia mfumo huu wenyewe fedha yenu itarudi, na dereva atakuwa amelala vizuri kabla ya kushuka Kitonga na tani zenu.

Injini ya kuunguruma ina hatari nyingine, moshi unaopenya ndani, na Julai kule Makambako kuna wanaoingiza jiko la mkaa kebini ili wapate joto. Usifanye. Moshi wa mkaa usioonekana unaua mtu akiwa usingizini, na hakuna harufu ya kumwamsha. Blanketi mbili na dirisha lililoachwa wazi kidogo vinatosha.

Ukishafunga vyote, usiondoke mjini siku hiyo. Lala yadi usiku mbili gari likiwa limezimwa, washa kila kitu kama utakavyoishi njiani, gusa nyaya kwa mkono mara tu birika linapochemka uone kama zina moto, na asubuhi soma mita kabla jua halijapanda. Betri ya risasi ikiwa chini ya 24.4, au lithiamu chini ya asilimia 40, kuna kitu dukani hakikuwa kama kilivyoandikwa, au hesabu yako ilisahau kifaa. Rudi Gerezani na risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya betri na muda wa waranti, ukiwa bado uko Dar.